Sola ya maji moto, ya kiyoyozi au ya taa: uanze na ipi?

Mtu akisema anataka kufunga sola, muuzaji humuuliza swali moja: kilowati ngapi? Swali si baya, ila limekuja mapema mno. Jua linaweza kufanya kazi tatu nyumbani: kuchemsha maji, kusaidia vyumba vipoe, na kuzalisha umeme. Kazi hizo hazitaki kifaa kimoja wala fedha za kiwango kimoja, na jibu la Arusha silo la Dar es Salaam. Hapa nazilinganisha kwa nyumba ya kawaida: vyumba vitatu, watu watano, paa la bati, LUKU ukutani. Nitaiweka mara Njiro ya Arusha, mara Mbezi ya Dar es Salaam, kwa sababu hali ya hewa inaamua mengi kuliko chapa ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa paneli na betri kuwa wa kutumika nyumbani.

Kipimo chetu ni uniti, yaani kilowati-saa. Nyumba iliyotoka kwenye bei ya wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hulipa takriban shilingi 350 kwa uniti.

Maji moto: Njiro

Mwezi wa Juni na Julai maji ya simtanki kule Arusha hutoka bombani yakiwa kama nyuzi 18. Maji ya kuoga vizuri ni nyuzi 40 hivi. Watu watano wakitumia lita 40 kila mmoja, ni lita 200 za kupandishwa nyuzi 22, na hiyo ni kama uniti 5 kwa siku, bila kuhesabu joto linalopotea kwenye mabomba. Kwa fedha ni shilingi 1,750 kila siku, zaidi ya 50,000 kwa mwezi. Friji ya kisasa ya ukubwa wa kawaida hutumia kama uniti moja kwa siku, na taa zote za LED za nyumba hii zinaweza zisifikie hapo. Umeme mwingi wa nyumba ya Njiro, basi, unaishia bafuni.

Kuna njia nne za kulipatia jua kazi hiyo:

| | Hita ya jua paani | Paneli na tanki la umeme | Paneli na shawa ya umeme | Paneli na pampu ya joto |
|---|---|---|---|---|
| Eneo la paa kwa uniti 5 za joto | Mita 2 za mraba | Mita 6 | Mita 6 | Paneli moja, mita 2.6 |
| Inategemea betri alfajiri? | Hapana | Hapana | Ndiyo, sana | Hapana |
| Maji yenye chokaa | Adui mkubwa | Koili huharibika, hubadilishwa | Koili huharibika, hubadilishwa | Inategemea tanki |
| Fundi | Awe anaijua | Fundi umeme yeyote mzuri | Fundi umeme yeyote mzuri | Wachache |

Tofauti ya eneo inatoka hapa. Mita moja ya mraba ya paa la Arusha hupata kama uniti 5 za jua kwa siku. Hita ya jua hukamata karibu nusu ya hizo zikiwa joto tayari. Paneli ya umeme hukamata sehemu moja ya tano, na nyingine hupotea kwenye joto la paneli, vumbi, waya na inveta, ukabaki na uniti 0.8 hivi. Ukiugeuza umeme huo kuwa joto kwa koili, unahitaji paa mara tatu zaidi kwa maji yaleyale. Pampu ya joto inaondoa pengo hilo kwa sababu haizalishi joto, inalihamisha kutoka hewani kama friji iliyogeuzwa: uniti moja ya umeme inaingiza uniti tatu za joto kwenye maji. Kwa gesti ya vyumba kumi au kituo cha afya chenye wodi ya wazazi ningeipigia hesabu kabla ya kitu kingine chochote. Kwa nyumba ya watu watano bei yake bado ni kubwa, ina kelele ya feni, na ikiharibika utamsubiri fundi wa kutoka mbali.

Safu ya tatu, ya shawa ya umeme, ndiyo inayowaponza wengi. Shawa hizi huvuta wati 5,000 au zaidi. Kuoga dakika kumi hakumalizi hata uniti moja, kwa hiyo kwenye LUKU mtu haoni kitu cha kutisha. Kwenye sola mambo ni mengine. Inveta ya kVA 5, yaani ya kubeba kama kilowati 5, imeshikwa yote na bafu moja. Mtu wa pili akifungua maji, au pampu ikiwaka, inazima nyumba nzima. Na watu huoga saa kumi na moja alfajiri, wakati paneli zimelala, hivyo mzigo wote ni wa betri. Betri nyingi za uniti 5 hazipendi kutoa kilowati 5 kwa mpigo. Mwenye shawa za umeme aziache kwenye laini ya TANESCO, asiziguse.

Safu ya pili, ya tanki la umeme, inafaa zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sharti moja: koili iwe ndogo, kilowati 1.5 tu, na iwe na saa ya kuiwasha saa nne asubuhi na kuizima saa nane mchana. Tanki la lita 150 likitoka nyuzi 20 kufika 60 limehifadhi uniti 7. Betri ya lithiamu ya kuhifadhi uniti 7 ni mzigo wa fedha. Tanki la chuma lenye sponji nene ni la bei ya kueleweka, na halizeeki kwa kujazwa na kumwagwa kila siku. Faida nyingine ni kwamba maji yakishapata moto, umeme wa paneli unaendelea na pasi, mashine ya kufulia au pampu. Hita ya jua haina uwezo huo: maji yakishachemka, jua la alasiri linaangukia bure.

Hata hivyo, kwa Njiro mimi ningefunga hita ya jua. Haina inveta, haina betri, maji hupanda yenyewe kwa kuwa ya moto ni mepesi, na umeme ukikatika siku mbili watu wanaoga. Kenya ililiona hilo mapema: kanuni za mwaka 2012 zilitaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungwe hita za jua, ingawa utekelezaji ulisuasua.

Kinachobaki ni kuchagua kati ya bapa na mirija ya vioo. Bapa ni sanduku jeusi lenye kioo juu na mabomba ya shaba ndani. Mirija ni vioo virefu vyenye ukuta mara mbili, katikati hakuna hewa, hivyo joto halitoroki hata upepo wa Meru ukivuma. Siku ya mawingu ya Julai mirija hushinda. Lakini mirija ya bei nafuu, ile ambayo maji yenyewe huingia ndani ya kioo, ina tabia zake. Mmoja ukipasuka, tanki zima linamwagika juu ya bati. Maji yenye chokaa huacha tope jeupe chini ya kila mrija. Ukiuchomoa baada ya miaka michache unakuta robo yake imejaa kitu kama unga wa muhogo uliolowa. Na usikubali fundi aujaze mtambo mpya saa saba mchana. Mirija mitupu iliyokaa juani huwa ya moto kupita kiasi, maji baridi yakiingia ghafla vioo vinapasuka kwa mlio, kimoja baada ya kingine. Hujazwa alfajiri, au hufunikwa turubai kwanza.

Maji yako yakiwa ya kisima chenye chokaa nyingi, kama ya sehemu nyingi za Dodoma, chukua bapa yenye mzunguko uliofungwa: maji ya kuoga hayapiti juani, yanapashwa na majimaji mengine yanayozunguka peke yake. Ni ghali zaidi, lakini utaitumia muda mrefu.

Kitu kingine cha kukagua kabla ya kulipa ni kimo. Hita nyingi za paani hujazwa kwa uzito wa maji tu, kwa hiyo simtanki lazima likae juu kuliko tanki la hita. Nimeona nyumba nzuri za ghorofa zenye mnara wa tanki ulioishia usawa wa dari. Mwenye nyumba akaishia kununua pampu, na umeme ukikatika hana maji moto wala baridi. Kisha kuna koili ya akiba iliyomo ndani ya hita ya jua, ya siku za mawingu. Ikiachwa imewashwa mwaka mzima, mtambo unageuka kuwa hita ya kawaida ya umeme iliyowekwa mahali pa juu.

Maji moto: Mbezi

Hapa sina maneno mengi. Maji ya simtanki jeusi lililoshinda juani Dar yanatosha kuoga karibu mwaka mzima. Saa tisa alasiri ya Februari yanaunguza. Mwenye wazee au mtoto mchanga atafute hita ndogo ya umeme. Fedha ya hita ya jua aipeleke kwenye dari.

Kupoza

Ndiyo, dari. Mkazi wa Mbezi anapoulizia sola ya kiyoyozi, swali la kwanza ni joto lenyewe linatoka wapi. Saa mbili usiku, baada ya siku ya jua kali, panda kwenye stuli uguse dari ya jipsamu ya chumba cha kulala. Ni ya moto. Jua limelipasha bati tangu asubuhi, hewa iliyofungwa kwenye kenchi imekosa pa kutokea, na sasa dari yote inakupulizia joto ukiwa umelala. Kiyoyozi kinapigana na hilo usiku kucha.

Tuweke hesabu kando kwa kando. Kiyoyozi cha BTU 12,000 chenye inveta yake ya ndani, ya kupunguza kasi chumba kikishapoa, hutumia kama wati 600 kwa wastani, hivyo saa nane za usiku ni uniti 5 hivi. Vyumba viwili ni uniti 10, na zote ni za usiku, kwa maana hiyo ni betri zisizopungua mbili za uniti 5 zilizonunuliwa kwa ajili ya usingizi tu. Pangaboi la kawaida hutumia wati 60 hadi 75, la mota ya kisasa wati 30 hivi. Saa kumi za pangaboi hata la kawaida hazifiki uniti moja.

Hapa ndipo nyumba na ofisi zinapoachana njia. Duka la dawa la Kariakoo, kliniki ya meno, ofisi ya uwakili au benki ndogo hutaka ubaridi kuanzia saa tatu asubuhi hadi kumi na moja jioni, saa zilezile paneli zinapofanya kazi. Wao wanaweza kuendesha kiyoyozi kwa paneli na laini ya TANESCO bila betri hata moja, na kila uniti ya jua inapunguza uniti ya kununua. Chumba cha kulala kinataka ubaridi wakati jua limeshazama. Mzigo ni uleule na paa ni lilelile, ila hesabu ni nyingine kabisa, na wauzaji wa vifurushi hawazitenganishi.

Kwa nyumba, basi, utaratibu wangu ni huu: bati la rangi nyepesi au lipakwe nyeupe, karatasi ya fedha au sponji chini yake, matundu ya hewa kwenye kuta za pembe na chini ya ukingo wa paa ili joto la kenchi litoke, kivuli kwenye madirisha ya mashariki na magharibi. Madirisha ya kaskazini na kusini hayana shida kubwa huku kwetu, ukingo wa paa unayatosha. Paneli zenyewe zikifungwa zikiwa zimeinuliwa kidogo juu ya bati, hewa ikapita chini, ni kivuli cha bure kwa vyumba vilivyo chini yake. Wale wanaouliza ningewafungia juu ya vyumba vya kulala kwa makusudi.

Watu hupenda kutaja nyumba za Lamu na Mji Mkongwe kuwa jibu la yote. Kuta zile nene za mawe ya matumbawe zinapoza mchana kweli, pamoja na dari ndefu na vichochoro vyenye kivuli. Ila ukuta mnene hurudisha joto usiku, na usiku wa pwani mwezi wa Februari haushuki sana. Ndiyo maana pwani hiyohiyo ina makuti, ambayo hayahifadhi joto na hupitisha upepo. Anayejenga leo akitaka kulala bila kiyoyozi, kwa maoni yangu, chumba cha juu chepesi chenye upepo wa pande mbili kinamfaa kuliko kuta nene zenye madirisha madogo.

Nyanda za juu ni rahisi zaidi. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa lililofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 limetegemea hewa ya asili badala ya viyoyozi: inaingia kwenye ofisi na kupanda kupitia uwazi wa katikati, paneli za paani zikishughulikia taa na kompyuta. Dar huwezi kuliiga moja kwa moja, unyevu haukuruhusu.

Kuna pia mitambo ya kupoza kwa joto la jua lenyewe, inayotumia maji ya nyuzi 80 hadi 95 kuendesha mzunguko wa chumvi ya lithiamu bromidi. Ni ya mahoteli makubwa, hospitali na viwanda, yenye mnara wa kupozea na mhandisi wa kudumu. Kwa nyumba, sahau.

Na kupasha vyumba? Njombe, Makete na Limuru wanaijua baridi ya Julai. Hita ya chumba ya kilowati 2 inamaliza betri ya uniti 5 kwa saa mbili na nusu tu. Ziba nyufa, weka dari, panua madirisha ya kaskazini: Julai jua linakaa upande huo na litaingia ndani kiasi.

Umeme

Sasa ndiyo lile swali la kilowati ngapi. Ukishatoa maji moto na kiyoyozi cha usiku, nyumba yetu inabaki na friji, taa, televisheni, rauta, mapangaboi, pampu, pasi na mashine ya kufulia: kama uniti 4 hadi 5 kwa siku. Paneli moja ya wati 550 hutoa takriban uniti 2.2 siku nzuri. Tatu zinatosha, nne zinakupa nafasi ya mawingu. Muuzaji aliyekuandikia paneli kumi na mbili alihesabu shawa na viyoyozi.

Chaguo kubwa ni kati ya mfumo wa gridi usio na betri na ule wa mseto, unaounganisha paneli, betri na laini ya TANESCO. Wa gridi ni wa bei ndogo na hauna cha kuzeeka haraka, ila kuna jambo ambalo wanunuzi wengi huligundua baadaye: TANESCO wakikata, nao unazima, hata jua liwe la utosi. Si ubovu. Inveta imeamriwa hivyo ili isirudishe umeme kwenye nguzo ambako fundi anafanya kazi. Anayetafuta kinga ya kukatika umeme hana budi kuchukua mseto.

Ukichukua wa gridi, hakikisha pia una kifaa cha kuzuia umeme usitoke nje. Mita nyingi za malipo ya kabla hazijui umeme wa kurudi. Nyingine huuhesabu kama uliotumika, ukajikuta unalipia jua lako mwenyewe. Kenya walitoa kanuni za kubadilishana umeme mwaka 2024, ambapo mzalishaji mdogo hurudishiwa nusu ya uniti alizopeleka kwenye gridi, kwa mita maalumu na kibali. Hata huko, uniti uliyoitumia mwenyewe ina thamani mara mbili ya uliyoitoa, kwa hiyo fua nguo mchana.

Kwa betri sina mjadala mrefu tena. Betri nne za risasi, zile za asidi kama za gari, za 12V 200Ah zimeandikwa uniti 9.6, lakini ukizitumia zaidi ya nusu zinakufa mapema, kwa hiyo una 4.8. Lithiamu moja ya 51.2V 100Ah ina uniti 5.1 na unatumia zaidi ya nne bila wasiwasi. Zile nne zina uzito wa zaidi ya kilo 200, hii kama 50. Risasi huchukia joto: kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza umri wake karibu kwa nusu, na stoo ya bati ya Dar inafika huko kila siku. Kwa bei ya siku ya kwanza risasi hushinda. Mwaka wa tatu unanunua tena.

Soma pia maandishi madogo ya inveta. Nyingi za kVA 5 hula wati 50 zikiwa zimewashwa tu bila mzigo, ambayo ni uniti 1.2 kwa siku, zaidi ya nusu ya umeme wa paneli moja. Mwenye taa na televisheni pekee anafaidi inveta ndogo. Kuhusu mwelekeo, usihangaike: huku karibu na Ikweta upande wa mashariki na wa magharibi wa paa yote hufanya kazi vizuri. Mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 unatosha mvua ioshe vumbi. Kivuli cha mwembe au cha mnara wa tanki kwenye paneli moja kina hasara kubwa kuliko paneli zote kuangalia upande usio sahihi.

Kama umepanga

Hita ya jua ukiifunga kwenye nyumba ya kupanga umempa mwenye nyumba zawadi, maana kuing'oa ni kuacha matundu kwenye bati lake na kuvunja nusu ya mirija njiani. Betri ya lithiamu ya ukutani, inveta ndogo na paneli mbili kwenye fremu ya kufungwa kwa bolti vinahamishika kwa kirikuu kimoja. Andikeni kwenye mkataba kabla ya kutoboa chochote kwamba ni vyako, na piga picha paa lilivyokuwa.